Mama Hajapitisha Mizani

Niseme wazi tangu mwanzo: mimi ndiye niliyempa Mama laptopu, na sijutii. Anayetaka kunilaumu aje kwanza akae naye nyumba moja wiki ya mvua, goti lake limefungwa bandeji, na hana kitu cha kusahihisha. Akitoka hapo na akili zake timamu, tutaongea.

Mama yangu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji tangu sijazaliwa mpaka kiwanda kilipofungwa. Vitabu vya shule, kalenda, vipeperushi vya dawa ya mende, vyote vilipita chini ya kalamu yake nyekundu, na hakuna ukurasa uliokwenda mashineni kabla hajaandika pembeni "Nimepitia" na kutia jina lake. Kiwanda kilifunga, Mama hakufunga. Alipokuja kukaa kwetu baada ya kupasuliwa goti, alianza na karatasi ya masharti ya hospitali. Akahamia kwenye kibao cha saluni iliyo mkabala na dirisha letu, akamwita mwenye saluni kwa kidole, akamweleza kwamba "mitindo" haihitaji t mbili hata kama mteja ni tajiri. Kisha akaingia kwenye kundi la simu la ukoo, na hapo ndipo aliponivua nguo. Binamu yetu aliandika kwamba baba mkwe wake "amefaliki". Watu wakatuma pole. Mama akajibu kwamba ni "amefariki", halafu, kwenye ujumbe wa pili, pole sana. Shangazi mkubwa alinipigia simu jioni ileile. "Mtafutie mama yako kazi," aliniambia, "la sivyo tunamtoa kundini, na udugu utabaki wa salamu tu."

Kazi ilipatikana mezani.

Mume wangu anaandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo inayotengeneza mizani za dukani, zile za kuchomeka kwenye kompyuta ili bei ijiandike yenyewe. Ni mtu mpole, mwenye heshima zake, ila akifika nyumbani lazima amlalamikie mtu. Siku hiyo ilikuwa zamu ya maelezo ya kiini. Nieleze kidogo, maana hata mimi nilielezwa. Chini ya programu zote za kompyuta kuna moja inayozibeba nyingine. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayoongea na kibodi na spika na kila kilichochomekwa. Hiyo wanaiita kiini. Hiki anachokitumia mume wangu hakina mwenyewe. Kinajengwa na watu wa dunia nzima kwa kuandikiana barua pepe. Kina pia maelezo yake, kurasa hadi kurasa kwa Kiingereza, yaliyoandikwa na mafundi ambao, kwa maneno ya mume wangu, wanajua lugha zote za mashine na hawajui hata moja ya binadamu.

"Yamejaa makosa ya tahajia," alisema, akimega mkate. "Na mtu yeyote anaruhusiwa kurekebisha. Yeyote yule. Hata bibi yangu angeweza."

Mama aliacha kutafuna. Mimi namjua Mama. Akiacha kutafuna, ujue jambo limeingia.

Asubuhi, mume wangu alipokwishaondoka, akaniita chumbani kwake. "Kile kitu cha mumeo chenye makosa, kiko wapi?"

Tulijifunza pamoja, mimi kwa kusinzia na yeye kwa kiu. Watu wa kiini wana utaratibu wao. Huwaambii tu "rekebisheni pale". Unatuma kiraka, yaani barua pepe inayoonyesha mstari wa zamani na mstari mpya, unaeleza kwa nini umebadilisha, na chini unaweka jina lako kamili. Kiraka kimoja, jambo moja. Mama alituma cha kwanza kikiwa na masahihisho ya sura nzima, na koma zake, na ushauri wa jumla kwa mwandishi kuhusu kutokuwa na haraka maishani. Kikarudishwa na msimamizi wa maelezo, mtu wa mbali ambaye mpaka leo sijui anaishi bara gani: kigawe, kimoja kimoja, na ushauri uuondoe. Nikadhani Mama atanuna. Wapi. Alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Hawa watu wana adabu," alisema. "Ila mumeo asijue. Atadhani namchungulia kazini kwake. Mkwe unamheshimu kwa kumpa nafasi."

Sasa utaniuliza, jina kamili si lilikuwa pale chini ya kila kiraka? Lilikuwapo. Lakini wewe mwenyewe niambie, mama mkwe wako anaitwa nani? Simaanishi Mama Fulani. Namaanisha jina lake, alilopewa alipozaliwa. Eeh, umenyamaza. Mume wangu amemwita Mama tangu siku ya kwanza alipoletwa nyumbani, na kwenye simu amemwandika "Mama Mkwe". Jina lake hakuwahi kuliuliza, kwa sababu kijana aliyelelewa vizuri haulizi, na Mama hakuwahi kumtajia, kwa sababu hakuulizwa. Tena ni miongoni mwa yale majina wanayopewa wanaume na wanawake. Kwa hiyo Mama akafanya kazi yake mchana kweupe, na aliporudi mkwe jioni, laptopu ilikuwa chini ya mto.

Mambo yangeishia hapo kama isingekuwa kiprogramu kimoja cha ajabu. Kiini ni kikubwa mno, hakuna anayemjua kila mtu. Ukitaka kubadilisha faili, unakiuliza hicho kiprogramu, nacho kinatazama nani amelishika faili hilo siku za karibuni, kinakupa majina, unawaandikia kuomba maoni. Hakijui kama mtu alijenga ukuta au alifuta vumbi tu. Na Mama alikuwa amefuta vumbi nyumba nzima. Alianza na sura za sauti, akaingia za kumbukumbu, akaingia za mitandao, anapita tu na kitambaa chake. Ikafika mahali mtu akikohoa popote ndani ya kiini, kiprogramu kinasema: muulize yule.

Barua zikaanza kumiminika. Fundi anaandika kurasa tele kuhusu namna ya kufunga na kufungua vijisehemu vya kumbukumbu, halafu mwisho, kwa unyenyekevu, anangoja maoni yako. Mama alikuwa haelewi hata robo. Lakini amelelewa kujibu barua. Akajibu: "Nimesoma. Katika aya ya pili nimeishiwa pumzi. Weka nukta." Yule fundi akashukuru, akaweka nukta, na kwa kuwa mkono ulishaanza, akafuta aya nzima, pamoja na programu iliyokuwa ikielezwa na hiyo aya. Wenzake wakabishana kama alifanya busara au wazimu. Mwishowe wakamwomba Mama aamue. Mama akaandika "Sijui." Kumbe kule hakuna mtu aliyewahi kuandika neno hilo. Waliliona zito, wakalizunguka siku kadhaa, wakaogopa kuligusa.

"Wananiheshimu sana," Mama aliniambia. Nilimwambia wanamwogopa. Akasema si vibaya.

Sasa sikiliza kilichonikondesha. Mume wangu alikuwa kwenye mkataba wa muda. Bosi wake alimwambia hivi: programu ya mizani yetu ikiingia kwenye kiini, mteja yeyote duniani atachomeka mizani na itafanya kazi bila kuhangaika, ukifanikiwa, nakuajiri moja kwa moja. Isipoingia msimu huu wa kiini kupokea programu mpya, mkataba ukiisha tunaagana kwa amani. Na sisi tangu tuoane tulikuwa tunaishi kwa mkataba baada ya mkataba, hatununui hata kabati kwa sababu hatujui litahamia wapi. Niliitaka hiyo ajira yake kuliko yeye. Nilikuwa naiota.

Akaandika programu, mafundi wakaipekua, wakasema ni safi. Akaandika na maelezo yake, kurasa chache, jinsi mizani inavyochomekwa na inavyosema ina kitu juu yake. Akakiuliza kiprogramu: maelezo haya nimpelekee nani? Jibu unalijua.

Mama alipoifungua hiyo barua, aliona jina la mkwe wake. Akaniita. "Ni ya mumeo," alisema.

"Afadhali," nikamwambia. "Andika neno moja, tulale usingizi."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba akamwibie jirani kuku. "Kazini hakuna mkwe," akasema, akavaa miwani.

Basi ndugu yangu, tukaingia kwenye matoleo. Kwa watu wa kiini, mtu akikuuliza swali, unarekebisha, unatuma tena, na hilo ni toleo la pili. Akiuliza tena, la tatu. Mume wangu akituma, Mama anauliza. Hakuuliza juu ya herufi, kwa sababu mume wangu, kwa hofu aliyopewa na familia hii, anaandika herufi zake vizuri. Aliuliza juu ya mizani yenyewe. "Umesema mizani itajirekebisha. Mwenye duka aliyesimama mbele ya wateja afanye nini wakati inajirekebisha? Aimbe?" Toleo jipya. "Umesema subiri kidogo. Kidogo cha nani?" Toleo jipya. Na wale wakubwa wengine, walipoona mtu mzito bado anauliza, kila mmoja akakunja mikono akangoja. Msimamizi akaandika kwa ufupi kwamba akiliona jina la Mama chini ya neno "nimepitia", maelezo na programu vitaingia siku hiyohiyo, na kabla ya hapo haviingii.

Kila jioni mume wangu alitusomea hizo barua mezani. Alimpa mwandishi wake jina, Mzee Nukta.

"Sikilizeni huyu mzee," alisema. "Anasema sura yangu ya tatu inaanza kabla haijaanza."

"Huenda ana hoja," Mama akasema.

"Mama, naomba unisamehe, watu hawa huwajui. Huyu ana ndevu mpaka hapa, anaishi peke yake, hana hata paka. Mtu mwenye watu nyumbani kwake hapati muda wa kumkalia mwenzake kooni namna hii."

"Maskini," Mama akasema, akajiongezea chai.

"Namshukuru Mungu tu sikupata mama mkwe wa aina hiyo."

"Mungu ni mwema," Mama akasema.

Chai ilinipalia ikatokea puani. Mume wangu akanipigapiga mgongoni, akaendelea kumlaani Mzee Nukta juu ya kichwa changu, naye Mzee Nukta akamwambia asinipige kwa nguvu.

Kicheko kilikuwa cha siku mbili tatu tu. Mume wangu akaanza kupungua. Alikuwa akirudi, anakula kidogo, anakaa na lile toleo lake mapajani anatazama ukuta. Siku moja aliniuliza kama kweli yeye hajui kueleza kitu. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekwishakubali. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwa Mama, nikafunga mlango.

"Mama, inatosha. Andika hilo neno."

"Nikiandika nimepitia, maana yake nimepitia na nimeridhika. Kwao na kwetu kiwandani ni kitu kilekile, ni kiapo. Bado sijaelewa mizani inafanyaje mtu akiweka kitu juu yake wakati ndiyo kwanza inawaka, haijawa tayari."

"Nani anaweka kitu juu ya mizani wakati inawaka?"

"Kila mtu mwenye haraka," akasema. "Wewe ungeweka."

"Akikosa hii kazi tunahama, Mama. Na hiki chumba unakiacha."

"Basi nitalala sebuleni kwa kaka yako," akasema, na nilijua anajua maana ya kulala sebuleni kwa kaka yangu, ambako televisheni haizimwi na mawifi hawapatani. "Jina langu silipeleki mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika."

Nilitoka nikaubamiza mlango mpaka kioo cha korido kikacheza. Nilikuwa na hasira naye ya kweli, si ya mzaha. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu kilikuwa chumba cha pili, kinakunywa chai yangu, na ndicho kilichonizaa. Nilitaka kumwambia mume wangu yote. Lakini ningeanzia wapi? Kwamba Mzee Nukta hana ndevu, ana bandeji, na ndiye aliyekupakulia ubwabwa jana?

Msimu ukakaribia kwisha. Msimamizi, kwa kuchoshwa na matoleo, akaitisha mkutano wa sauti mtandaoni, alasiri: mume wangu, Mzee Nukta, yeye Msimamizi, na fundi mwingine anayehusika na vifaa vya kuchomeka, tumwite Fundi wa Vifaa. Wazungumze, wakubaliane. Wasipokubaliana, mizani ingoje msimu ujao. Kwa mume wangu msimu ujao ulikuwa sawa na kamwe.

Nilimwomba Mama akafanyie mkutano wake saluni. Akanionyesha goti. Nilimwomba mume wangu akafanyie ofisini. Akasema ofisini umeme umekatika tangu asubuhi, na kwa nini natetemeka. Nikasema ni malaria.

Nyumba yetu unaijua, au unazijua zilizo kama hiyo. Sebule, korido fupi, chumba cha Mama kushoto, jiko mwisho, na kuta ambazo jirani akipiga chafya unasema pole. Mume wangu akaketi sebuleni na shati lililopigwa pasi, ingawa kamera zilikuwa zimezimwa. Mama akaketi kitandani, mguu juu ya mto, laptopu juu ya mguu. Mimi nikasimama jikoni, roho mkononi.

Msimamizi akawasalimia. Mama akajibu kwa kile Kiingereza chake cha vitabu vya shule, kila neno limepigwa pasi kama shati. Jibu lilitoka kwanza mlangoni kwake, halafu likatoka kwenye laptopu ya sebuleni. Mume wangu akageuza shingo akatazama korido.

"Mama ananiita?"

"Anaongea na Shangazi," nikasema.

"Kwa Kiingereza?"

"Shangazi anajifunza."

Mume wangu akaanza kueleza mizani yake. Na sasa sauti yake ikaingia kwenye mashine ya Mama, ikatoka, ikarudi kwenye ya kwake, ikazunguka, mpaka pakatokea mlio mwembamba wa kutoboa meno. Msimamizi akasema kuna mtu amewasha mashine mbili nyumba moja, tafadhali azime moja. Mume wangu akaapa si yeye. Mama akaapa si yeye. Wote walikuwa wakweli, kila mtu alikuwa na yake moja.

Mama akaanza swali lake. Nikasikia limekwishatoka nusu kupitia mlangoni, nikaona mume wangu ananyanyuka kitini. Sikufikiri. Niliwasha blenda. Haikuwa na kitu ndani, ilikuwa tupu, inapiga kelele za pikipiki isiyo na breki, na mimi nimeishika kwa mikono miwili kama naizuia isitoroke.

Msimamizi akapandisha sauti juu ya kelele. "Nasikia mashine ikisaga kutoka kwenu nyote wawili. Ni nini hicho?"

"Samahani, ni mke wangu," akasema mume wangu.

"Samahani, ni binti yangu," akasema Mama.

Walisema kwa pamoja, na kila mmoja akasikika mara mbili.

Nikazima blenda. Mume wangu akaibeba laptopu mikononi, wazi hivyohivyo, akaingia koridoni, na kila hatua aliyopiga ule mlio ukazidi kukua, mpaka alipofika mlangoni kwa Mama ulikuwa unapiga kelele kama bata aliyekanyagwa. Mlango ulikuwa wazi kiasi. Hakuingia. Hicho chumba hakuwahi kukanyaga tangu Mama ahamie. Hata dawa alikuwa ananipa mimi nimpelekee. Alisimama kizingitini, akamtazama mama mkwe wake na miwani yake na laptopu yake, na nikaona mambo yote aliyoyasema mezani yanapita usoni kwake, moja baada ya jingine, ndevu, paka, na ile ya kumshukuru Mungu.

"Shikamoo, Mama," akasema.

"Marahaba."

Salamu ikaenda dunia nzima, ikarudi.

"Mnafahamiana?" Msimamizi akauliza.

Mama akavua miwani. Nilitegemea atakuja na utani, au atauliza habari ya mizani inayowaka. Nilimjua Mama wa siku zote na sikumjua huyu aliyezungumza sasa, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Naomba kuondoa maswali yangu yote," aliwaambia. "Mizani hii siwezi kusema nimeipitia, wala siwezi kusema imenishinda. Aliyeiandika ni mwanangu. Mngejua hilo, msingeningoja. Na kwa kuwa ni mwanangu, niliogopa mtu asije akasema nimempendelea, nikambana kuliko nilivyombana mtu yeyote kwenu. Mtoto wa mwingine ningemwachia kwenye toleo la pili. Hiyo si haki. Mtafuteni mtu mwingine."

Mume wangu alisogea kidogo, akanong'ona kwa Kiswahili, mkono umefunika maikrofoni bila kufunika chochote. "Mkwe, Mama. Waambie mkwe. Majina yetu hayafanani, wataona tunawadanganya."

"Nimesema mwanangu," Mama akamjibu. "Sijakosea."

Mimi niliketi chini pale pale, sakafuni mwa korido, na kifuniko cha blenda mkononi. Tangu aolewe na sisi, maana ndivyo tunavyomtania, mume wangu amekuwa akiniuliza kama Mama anampenda, na mimi nimekuwa nikijibu kwamba Mama hana mambo hayo, usingoje. Mama ambaye maisha yake yote hajaruhusu neno likae mahali pasipo pake.

Msimamizi hakuwa mtu wa machozi. Alisema anamheshimu kwa uamuzi wake, lakini kanuni ni kanuni: bila mtu mmoja wa nje kusema amepitia maelezo, mizani haiingii, na msimu unafungwa leo. Nikaona mabega ya mume wangu yanashuka. Nikamwona Mama naye ameliona hilo, akashika ukingo wa shuka. Alikuwa ametoka kumpa mkwe wake jina la mwana na kumnyima kazi, kwa sentensi ileile, na alijua.

Hapo Fundi wa Vifaa, ambaye tangu mwanzo hakuwa amekohoa hata mara moja, akajisafisha koo. "Mimi matoleo yote nimeyasoma," akasema. "Niwe mkweli, nilikuwa nasoma ili nicheke. Kila asubuhi na kahawa yangu, kabla ya kazi, huyu anauliza, yule anajibu. Sikukusudia kujifunza. Lakini mizani hii sasa naijua kuliko mashine nilizozijenga mwenyewe, na haina tatizo. Niandikeni mimi. Nimepitia."

"Una hakika?" Msimamizi akamuuliza.

"Niamshe usingizini uniulize chochote kuhusu hiyo mizani."

Zikasikika funguo za kibodi, upande wa mbali kabisa. "Naichukua," akasema Msimamizi. "Imeingia."

Nilipiga vigelegele, sikuweza kujizuia, vikapita kwenye mashine zote mbili vikarudi vimepinda. Mume wangu hakupiga hata kofi. Alibaki amesimama pale kizingitini, laptopu kifuani.

"Mama," akasema, "yale niliyosema mezani..."

"Ndevu sina," Mama akasema. "Mengine tutaongea. Umesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita. Ingia."

Alinitazama mimi, eti nimpe ruhusa. Nilimwashiria kwa kifuniko cha blenda. Akavua ndala, akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda upande wa goti zima, akaweka laptopu chini, akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyejibana muda mrefu, na Mama akamvuta kichwa akakilaza begani kwake, akamfuta kwa ncha ya shuka.

Mkutano hakuna aliyekumbuka kuufunga. Kilio kilikuwa kinakwenda nje mara mbili, na Fundi wa Vifaa akauliza, kwa wasiwasi, kama yule kijana yuko salama.

"Yuko salama," Mama akamjibu bila kugeuka. "Yuko kwao."